Kumpima Mgeni Mezani: Miaka 50 ya Mbari za Dungeons & Dragons

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana aliyeitwa Dave Arneson alikuwa akiwakusanya wenzake kucheza mchezo alioutunga mwenyewe, uliokuwa na nchi yake ya kubuni iitwayo Blackmoor. Mmoja wa wachezaji akageuka mnyonya damu. Mhusika wake, Sir Fang, alizidi kupata nguvu kila walipokutana, hata ikawa hakuna wa kumzuia. Dawa aliyoitafuta Arneson haikuwa kumnyang'anya mtu huyo mhusika wake. Alimruhusu mchezaji mwingine awe kasisi mwindaji, mwenye uwezo wa kuwafukuza wafu wanaotembea kwa nguvu ya imani yake, kama wawindaji wa wanyonya damu kwenye filamu za kutisha za Uingereza za miaka ile. Kasisi huyo yumo katika mchezo hadi leo, na wengi wanaomchezea hawajui kwamba alizaliwa ili kumtia adabu mtu mmoja.

Sir Fang hakupimwa kwa hesabu. Hakuna aliyekaa chini kujumlisha thamani ya kila uwezo aliokuwa nao. Wenzake waliona tu kwamba mezani imebaki nafasi ya kutamba ya mtu mmoja, na wao wamegeuzwa watazamaji. Hilo ndilo swali la kweli kila mbari mpya inapopendekezwa katika michezo ya aina hii: mgeni huyu akikaa, nani atakosa kiti? Watunzi wamehangaika nalo kwa miaka 50, na mara nyingi wamelijibu kwa kipimo kisicholingana nalo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons huchezwa kwa mdomo, karatasi, penseli na dadu. Msimamizi mmoja husimulia mahali na hatari zake. Waliobaki kila mmoja hushika mhusika wake na kusema anafanya nini, kisha dadu huamua kama amefaulu. Mhusika hujengwa kwa mambo mawili makubwa: fani yake, kama mpiganaji, mchawi, mwizi au kasisi, na mbari yake, yaani kama ni binadamu, elfi wa misituni, kibete wa migodini, au kiumbe kingine cha hadithi. Fani hukua ngazi kwa ngazi kadiri mhusika anavyopata uzoefu. Mbari mtu huzaliwa nayo, na faida zake huja siku ya kwanza. Hapo ndipo penye ugumu wote.

Mchezo ulichapishwa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya TSR katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Waandishi walikuwa Arneson na Gary Gygax. Chapa ya kwanza ilikuwa ya nakala 1,000 tu, vijitabu 3 ndani ya sanduku, kwa dola 10. Mbari zilizokuwemo zilikuwa 4: binadamu, elfi, vibete na hobiti, wale watu wafupi wa riwaya za Tolkien. Binadamu hakupewa faida yoyote ya kuzaliwa. Wenzake walipewa, kisha wakawekewa dari. Kibete aliruhusiwa kuwa mpiganaji tu, na asipande zaidi ya ngazi ya 6. Hobiti aliishia ngazi ya 4. Elfi angeweza kupigana na kufanya uchawi pia, lakini upiganaji wake uliishia ngazi ya 4 na uchawi wake ngazi ya 8. Binadamu alipanda bila kikomo.

Kijitabu hichohicho kilikuwa na kifungu kifupi ambacho wengi walikiruka: kwamba hakuna sababu ya kumkataza mchezaji kuwa karibu kiumbe chochote, mradi aanze akiwa dhaifu na apande polepole. Mfano uliotolewa ulikuwa wa joka mchanga. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza mlango ulikuwa wazi, na kazi ya kumpima mgeni aliachiwa msimamizi wa kila meza.

Mbari zikaanza kuongezeka. Mwaka 1975 nyongeza iliyoitwa Greyhawk ilileta chotara wa elfi na binadamu. Miaka michache baadaye wenye haki za biashara za kazi za Tolkien walilalamika, na hobiti akabadilishwa jina akawa "halfling", mtu yuleyule katika nguo nyingine. Mwaka 1978 kitabu kikubwa cha wachezaji cha toleo lililoitwa Advanced kikafikisha mbari 7, akiwemo chotara wa orki, yaani mtoto wa binadamu na yule adui mkubwa wa hadithi hizi, na nomu, viumbe wafupi wapenda vito na mazingaombwe.

Dari ziliendelea, sasa zikiwa na majedwali. Kibete mpiganaji mwenye nguvu za juu kabisa aliweza kufika ngazi ya 9. Elfi mchawi mwenye akili nyingi mno aliishia ya 11. Mwaka 1979, katika kitabu cha wasimamizi, Gygax alieleza msimamo wake bila kuficha. Dunia ya mchezo, alisema, ni ya binadamu, na mchezaji anayeshikilia kuwa jitu au joka kwa kawaida anatafuta kuwatawala wenzake, wala hana hamu ya kumwigiza kiumbe mgeni. Ukali wa maneno yake uliwaudhi wengi. Hata hivyo alikuwa ameligusa jambo lenyewe: kipimo chake kilikuwa hali ya wale wengine walioketi pale.

Tatizo ni kwamba dawa yake haikutibu ugonjwa alioutaja. Dari ya ngazi ya 9 haina maana yoyote kwa kundi linalocheza kutoka ngazi ya 1 hadi ya 5 kisha likaanza hadithi nyingine. Katika kundi hilo elfi anaona gizani, ni mgumu kulazwa usingizi kwa uchawi, anagundua milango ya siri, na halipi kitu. Katika kundi linalocheza kwa miaka mingi mambo hugeuka: kibete hugota kwenye dari yake, huku binadamu aliyekuwa akimlinda tangu mwanzo akiendelea kupanda na kumwacha nyuma. Deni la faida za mwanzo hulipwa miaka mitatu baadaye, na huenda aliyelikopa ameshaacha kucheza. Ndiyo maana wasimamizi wengi walizipuuza dari hizo tangu zamani, na waliozipuuza wakabaki na mbari ambazo kwa hesabu zilikuwa bora kuliko binadamu kwa kila hali.

Mwaka 1981 Tom Moldvay, alipoandika upya kijitabu cha wanaoanza, alikuja na suluhisho la kukata mzizi wa fitina: elfi, kibete na halfling wakawa fani kamili, si mbari tena. Ukichagua elfi, basi kazi yako ni kuwa elfi, upanga na uchawi kwa pamoja, na unahitaji uzoefu mwingi zaidi kuliko wenzako ili kupanda ngazi. Gharama ililipwa kila hatua badala ya kusubiri mwisho. Kati ya vipimo vyote vya zama zile, hiki ndicho kilichofanya kazi vizuri zaidi, ingawa kiliwafanya elfi wote wafanane, kana kwamba taifa zima la elfi lina kazi moja.

Kisha fedha zikaingia. Kufikia 1985 TSR ilikuwa taabani kifedha, na Gygax akakusanya makala zilizokuwa zimetoka katika jarida la Dragon, akaongeza mengine, akatoa kitabu cha Unearthed Arcana. Ndani yake wachezaji waliruhusiwa rasmi kuwa drow, elfi waovu wa chini ya ardhi, wenye uchawi wa kuzaliwa na uhodari wa kushika silaha mbili. Walipewa na udhaifu wa kusumbuliwa na mwanga wa jua. Miaka mitatu baadaye mwandishi R. A. Salvatore akatoa riwaya yenye drow mwema aitwaye Drizzt, na hamu ya kuwa drow ikasambaa kila meza. Kuanzia hapo wachapishaji walijua siri ambayo haijasahaulika tena: mbari mpya huuza vitabu. Ni vizuri msomaji akumbuke hilo anapoona orodha za leo, kwa sababu anayepima ana sababu ya kutaka kipimo kisome vizuri.

Wakati huohuo, katika ulimwengu wa Dragonlance, kulizaliwa mbari ambayo tarakimu zake hazikuwa na kosa lolote kubwa, lakini ikavunja meza nyingi kuliko drow. Kender ni watu wafupi, wachangamfu, wasiojua hofu, ambao kwa maelezo ya vitabu huokota vitu vya wengine bila kukusudia wizi. Katika riwaya, kender maarufu Tasslehoff Burrfoot anachekesha na kugusa moyo. Mezani, mtu aliyeshika kender alipewa kibali cha maandishi cha kutia mkono katika mfuko wa rafiki yake kila baada ya dakika kumi, na akilalamikiwa anajibu kwamba ndivyo mbari yake ilivyo. Hakuna jedwali la ngazi linaloweza kumtambua mgeni wa namna hii. Udhia wake uko katika sentensi ya tabia, wala hauko katika tarakimu.

Toleo la pili la 1989 lilimwondoa chotara wa orki katika kitabu kikuu, kipindi ambacho baadhi ya wazazi na makanisa ya Marekani waliushutumu mchezo kuwa wa kishetani. Mwaka 1993 kampuni hiyohiyo ikafungua geti kwa kitabu cha viumbe zaidi ya 20 wa kuchezwa, kuanzia orki hadi sentauri, na mwaka 1994 ulimwengu wa Planescape ukaleta tiefling, watu wenye chembe ya damu ya mashetani. Kila kitabu kilikuja na mizani yake.

Mwaka 1997 Wizards of the Coast iliinunua TSR, na mwaka 2000 ikatoa toleo la tatu, kazi ya Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Dari zote zikafutwa. Binadamu, ambaye kwa miaka 26 hakuwa na chochote zaidi ya kutokuwa na kikomo, kwa mara ya kwanza alipewa kitu cha kushika mkononi: kipaji cha ziada na pointi za ustadi. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko unavyoonekana. Badala ya kuwaadhibu wageni, mwenyeji alipewa sababu ya kuchaguliwa.

Lakini kwa viumbe wenye nguvu zaidi ilibuniwa hesabu mpya, iliyopata umbo lake kamili katika vitabu vya 2001 hadi 2003. Kila mbari yenye nguvu za ziada ilihesabiwa kama ngazi. Drow alihesabiwa kuwa na ngazi 2 zaidi ya zile za fani yake. Tiefling 1. Mwenye nusu ya damu ya joka, 3. Karatasini ilionekana haki tupu: unapata nguvu, unalipa kwa ngazi.

Mtazame drow mchawi katika kundi la ngazi ya 5. Mwenzake binadamu ni mchawi wa ngazi ya 5 kweli, na hiyo ndiyo ngazi ambayo mchawi hupata kurusha mpira wa moto, silaha inayoangusha kundi zima la maadui kwa zamu moja. Drow ni mchawi wa ngazi ya 3 tu, kwa sababu mbili zimekwenda kulipia damu yake. Hana mpira wa moto. Uhai wake ni wa dadu tatu ndogo za pande 4, na kila dadu hukatwa kwa sababu drow ni dhaifu wa mwili. Anachopata badala yake ni kuona gizani hadi futi 120, kinga kiasi dhidi ya uchawi, na akili na haiba zaidi kidogo. Adui aliyepangwa na msimamizi kupambana na watu wa ngazi ya 5 akimgusa mara moja, anakufa. Kwa mpiganaji wa kutumia upanga, ngazi 2 zilizokosekana zingeweza kuvumilika. Kwa mchawi zilikuwa hukumu. Namba ileile ilimpima mtu mmoja kwa haki na kumwangamiza mwingine, na kadiri ngazi zilivyopanda ndivyo faida za kuzaliwa zilivyochakaa huku deni likibaki palepale. Mwaka 2004 kampuni yenyewe ikachapisha kanuni ya hiari ya kulilipa deni hilo kwa kutoa uzoefu hadi liishe, na hiyo ilikuwa sawa na kukiri kwamba bei zilikuwa zimekosewa.

Mwaka huohuo wa 2004 ulitoka ulimwengu wa Eberron wa Keith Baker, uliochaguliwa kati ya mapendekezo yapatayo 11,000 yaliyotumwa katika shindano la kampuni. Humo mna Warforged, viumbe wa mbao, mawe na chuma waliotengenezwa kwa ajili ya vita, wakaachwa huru vita vilipokwisha bila kujua maisha ya amani yakoje. Ni mojawapo ya mbari nzuri kuliko zote zilizowahi kubuniwa, kwa sababu inamletea mchezaji swali la kuigiza kabla ya kumletea faida. Hana haja ya kula, kulala wala kuvuta pumzi, na sumu haimdhuru. Ili kumsawazisha bila kumhesabia ngazi ya ziada, watunzi waliamua kwamba uchawi wa kuponya umfae nusu tu.

Udhaifu huo unalipwa na nani? Si Warforged. Anaulipa kasisi wa kundi, ambaye sasa analazimika kutumia dua mbili kumponya mwenzake mmoja, na siku yake nzima inaishia katika kumkarabati mtu wa chuma. Hili ni kosa ambalo watunzi wa mbari hulirudia hadi leo: wanaandika faida upande mmoja, udhaifu upande wa pili, wanaona mizani imetulia, wala hawatazami udhaifu huo unaangukia mabega ya nani.

Kampuni ya Paizo, iliyotoa mchezo ndugu wa Pathfinder mwaka 2009, ilijaribu kumaliza ubishi kwa bei ya wazi. Kitabu chao cha 2012 kuhusu mbari kiliupa kila uwezo pointi, ili yeyote aweze kutunga mbari yake na kujua iko kundi gani. Kibete alifika pointi 11, elfi 10, binadamu 9, kobold mdogo mwenye magamba 5, na drow wa tabaka la juu 41. Kama chombo cha kufundishia wanaoanza kutunga, kazi hiyo inastahili sifa, na wapenzi wa toleo la tano la Dungeons & Dragons baadaye walijitengenezea majedwali ya namna hiyohiyo. Lakini kujumlisha hakutoshi. Binadamu wa pointi 9 aliendelea kuwa chaguo la watu wa fani zote, kwa kuwa kipaji chake cha ziada huenda popote, ilhali kibete wa pointi 11 amejaa faida ambazo huenda zisiguswe mwaka mzima, kama ujuzi wa kutambua kazi za mawe. Pointi zinaujua uwezo. Haziijui safari.

Toleo hilo la tano, la 2014, halikuwa na ngazi za madeni, na mbari zake zilikuwa nyepesi. Mtihani wake wa kwanza ulikuja mwaka uliofuata, na ulitoka angani. Aarakocra ni watu ndege, na waliruhusiwa kuruka futi 50 kwa zamu tangu ngazi ya 1. Wizards of the Coast yenyewe ilionya kwamba mchezaji azungumze kwanza na msimamizi wake, na katika michezo rasmi ya hadhara mbari hiyo ikazuiwa.

Hatari ya kuruka haionekani kwenye mapambano tu, ingawa ni kweli kwamba mwenye upinde mrefu akiwa juu futi 150 anawapiga wanyama wasio na silaha za mbali bila kuguswa. Hasara kubwa iko kwa mchawi. Yeye hupata uchawi wa kurusha mtu ngazi ya 5, anautumia kwa gharama ya nguvu zake za siku, na akijeruhiwa anaweza kupoteza umakini na aliyepaa akaanguka. Siku anayoupata ni siku kubwa katika maisha yake. Kama jirani yake amekuwa akipaa tangu kikao cha kwanza, siku hiyo haipo tena. Na mwizi aliyeweka ustadi wake katika kukwea kuta amekwisha kazi. Vitabu vya baadaye viliipunguza kasi ya aarakocra: katika mkusanyo wa 2022 anaruka kwa kasi sawa na ya kutembea, futi 30. Mwendo ulipungua, lakini siku ya mchawi haikurudishwa.

Kwa upande mwingine, enzi hii ilileta kipimo bora kuliko vyote vilivyotangulia: majaribio ya umma. Kampuni ilianza kutoa rasimu bure, watu wanacheza, kisha wanajibu maswali, na rasimu isiyopendwa vya kutosha hurudishwa au kufutwa. Warforged alinufaika nayo. Katika rasimu iliyotoka mwaka 2018, Warforged wa bamba zito alipewa kinga ya 16 pamoja na nyongeza yake ya ustadi, ambayo hukua na ngazi. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza alikuwa na kinga ya 18, sawa na deraya kamili ya chuma ambayo bei yake katika kitabu ni vipande 1,500 vya dhahabu, na kufikia ngazi ya 17 angekuwa na 22 bila kununua chochote. Mpiganaji binadamu aliyeanza na deraya ya pete za chuma ya 16 na kuota kununua ile kamili angebaki nyuma ya rafiki yake maisha yake yote. Kitabu cha mwisho cha 2019 kilifuta mpango huo wote: Warforged anavaa deraya kama watu, kisha anaongeza 1. Bado ni mgumu kuliko mwenzake, lakini wote wawili wanapanda ngazi moja, na hazina ikipatikana pangoni wote wana sababu ya kuifurahia.

Hata kender alipitia huko. Rasimu ya Machi 2022 ilimpa mfuko wa miujiza wa kutoa vitu visivyokuwemo, labda ili aache mifuko ya wenzake. Wapenzi wa Dragonlance waliukataa, na mwezi mmoja baadaye ikaja rasimu nyingine bila mfuko huo.

Majaribio hayo, hata hivyo, yaliuliza habari za kanuni zaidi ya habari za watu. Tangu 1978 kitabu kilimpa chotara wa orki nguvu zaidi na haiba pungufu, toleo la tatu likampunguzia na akili, na mwaka 2016 orki kamili alipewa upungufu huohuo wa akili. Taifa zima la kubuni lilielezwa kuwa na nguvu nyingi, akili ndogo na tabia ya ukatili wa kuzaliwa, kwa lugha ambayo msomaji yeyote wa Kiafrika anaijua ilikotoka, kwa sababu ndiyo iliyotumiwa na wakoloni kuwaeleza babu zake. Mwezi Juni 2020 kampuni ilikiri hadharani kwamba orki na drow wameelezwa kwa namna inayofanana mno na dhuluma za dunia halisi. Mwezi Novemba mwaka huo upungufu wa orki na kobold ukafutwa, na kitabu kipya kikamruhusu mchezaji kuhamisha nyongeza za mbari kwenye uwezo wowote autakao.

Somo halikuwa limeingia vya kutosha. Agosti 2022 kitabu cha Spelljammer kilitoka na hadozee, viumbe wafananao na nyani, wakiwa na historia ya kukamatwa na mchawi, kupewa akili na kutayarishwa kuuzwa utumwani. Kanuni za mbari hiyo zilikuwa zimewekwa mbele ya wachezaji tangu mwaka uliotangulia. Ilibidi wasomaji wapige kelele ndipo kampuni iombe radhi, mwanzoni mwa Septemba, na kuiondoa historia hiyo. Jambo la namna hii si dogo wala si la pembeni ya mchezo. Mtoto mweusi anayeketi mezani kwa mara ya kwanza na kufungua ukurasa ule ndiye mtu anayekosa kiti, na hakuna mbari yenye thamani ya kumwondoa.

Toleo la 2024 liliacha kuziita mbari na kuziita spishi, likahamishia nyongeza za uwezo kwenye malezi na kazi ya awali ya mhusika, na kuorodhesha spishi 10, orki kamili akiwa mmoja wao. Machotara wa elfi na wa orki hawamo katika orodha hiyo, jambo lililowasikitisha wachezaji wengi waliojiona ndani yao. Malalamiko yao yana haki. Mtu mwenye wazazi wa jamii mbili alikuwa na mhusika wake tangu 1975, na kumwondoa ili kukwepa lugha mbaya ni kumhamishia yeye deni la mwandishi.

Kwa Waswahili kuna nafasi iliyo wazi. Tarehe 27 Januari 2023, baada ya ugomvi mkubwa kuhusu leseni, kampuni iliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Yeyote anaweza kuzitumia, kuzitafsiri na kuuza kitabu chake, mradi ataje zilikotoka. Pwani yetu ina majini, mazimwi na chunusi wa baharini waliokwisha kusimuliwa vizazi na vizazi, na hakuna sababu ya kuwasubiri watunzi wa Marekani watuandikie. Anayetaka kutunga mbari ya chunusi na apitie bei za Pathfinder kwanza apate makadirio, kisha awaite watu wanne wacheze safari ya jahazi, chunusi akiwa mmoja wao. Vikao vitatu vikiisha, asimuulize aliyeshika chunusi kama alifurahi. Awaulize wale watatu waliobaki walifanya nini wakati mwenzao yuko chini ya maji, na mbari hiyo airekebishe kwa majibu yao.